Besi Iliyobaki Mikelenge

Lubumbashi, 14 Machi 1999

Mdogo wangu Rémy,

Pokea salamu nyingi kutoka huku. Mwili wangu mzima, roho ndiyo haitulii. Mama hajambo? Miguu yake bado inavimba? Mwambie nakula vizuri, hata kama si kweli.

Barua hii inapitia kwa watu wa Msalaba Mwekundu, tena iko wazi, kila mtu aisome. Kwa hiyo mambo ya vita siandiki. Nilikuja huku wiki mbili tu, kununua nyuzi nne za gitaa langu la besi, na sasa ni mwezi wa nane. Nyuzi ninazo, ziko ndani ya karatasi yake. Kila asubuhi nazitoa, naziangalia, nazirudisha, kama mtu aliyenunua viatu vya harusi na bibi harusi yuko ng'ambo.

Sasa sikiliza vizuri. Besi yangu usiisimamishe ukutani, kuta za mtaa wetu wa Mikelenge zinatoa maji. Ilaze chini ya kitanda cha mama, na nyuzi uzilegeze kidogo, shingo isipinde. Ukitaka kupiga, piga, sikukatazi. Lakini ampli ile unaijua: kwanza shusha sauti mpaka mwisho, ndipo uchomeke jeki ya waya wa besi. Ukichomeka sauti ikiwa juu, itatoa kishindo cha kupasua spika, na spika ile ya inchi kumi na tano niliitolea jasho miaka miwili kwenye harusi za watu. Usinizeeshe kabla ya siku.

Nisalimie Kasimu, mpiga ngoma wetu. Njia ikifunguka kidogo tu, nakuja.

Kaka yako,
Félicien


Kindu, 22 Agosti 1999

Kaka Félicien,

Barua yako imefika leo, imechoka kuliko aliyeileta. Sisi wazima. Miguu ya mama bado, lakini ulimi wake haujavimba, unafanya kazi kutwa. Chumvi imepotea mjini, na sabuni usiulize.

Naomba usikasirike. Uzi wa mi, ule mnene, ulikuwa umekufa, ukiupiga unajibu kama mlango wa mbao. Kasimu akasema nyuzi zikichemshwa uchafu unatoka na sauti inarudi. Nikauchemsha kwenye sufuria ya mama ya kupikia majani ya sombe. Mama akaja, akafunua kifuniko, akauliza kama ndiyo mboga: "Rémy, njo mboga ya leo hii? Hata nyoka iko na mafuta!" Akanifukuza na mwiko mpaka kwa majirani. Lakini uzi ulipona, kaka. Uliimba siku tatu nzima.

Uzi wa la nao ulikatika. Nimeweka waya wa freni ya baiskeli ya Kasimu. Sauti si mbaya hata kidogo. Tatizo ni Kasimu mwenyewe, kwa sababu sasa akishuka kwenda mtoni anasimamisha baiskeli kwa miguu. Kila akinikuta ananionyesha nyayo za viatu vyake: "Angalia, besi yako inakula viatu yangu."

Jumapili tunapiga kwenye harusi chache zilizobaki. Mama anakaa uani, anasikiliza, anasema vidole vyangu vinachelewa kuliko vyako. Anakulaumu wewe kwa kutorudi, na mimi ananilaumu kwa kutokuwa wewe.

Mdogo wako,
Rémy


Lubumbashi, 5 Februari 2001

Rémy,

Hamjambo nyumbani? Mimi najikaza. Nimehama nyumba mara nne, sijui natafuta nini.

Waya wa freni! Wewe na Kasimu mna akili kweli? Chuma kile kitakula vile vyuma vidogo vya shingoni, na nikirudi nitakuta shingo ina mifereji. Uondoe leo hii. Piga na nyuzi tatu, mbona zinatosha.

Mimi napiga katika baa moja ya mtaa wa Katuba, na besi ya mwenye baa. Ina nyuzi tano. Ule wa tano sijui niufanyie nini, naukwepa kama mtu anayenidai. Watu wanacheza, mimi naangalia mlango. Nikisikia mtu ametoka upande wa Kindu, naacha kupiga katikati ya wimbo, naenda kumuuliza. Mwenye baa amenionya mara mbili.

Mwambie mama besi yangu iko kwake, kwa hiyo nami niko kwake.

Kaka yako,
Félicien


Kindu, 2 Novemba 2002
(Barua hii haikumalizwa wala haikutumwa.)

Kaka,

Mama yetu hayupo tena. Nitakuambia ilivyokuwa, na ukitaka kunilaani, nilaani.

Mwezi uliopita mji wote ulikuwa umeshika pumzi. Wanajeshi wa jana wameondoka, wa leo hatuwajui, na watu walilala na viatu. Mama alikuwa hatulii. Siku ile, saa kumi za mchana, akaniambia: "Rémy, nipigie kidogo ile kitu ya Félicien. Roho yangu iko kwake." Tulikuwa hatujapiga miezi miwili. Nikaenda kwa Kasimu kuchukua betri, mbio, nikifurahi kama mjinga. Mama akatoka njiani kumwita jirani yetu Jeannette waje kusikiliza pamoja.

Nilichomeka jeki sauti ikiwa juu. Ulikuwa umeniambia, kaka. Ulikuwa umeniandikia.

Ilipiga BUM moja, bati likatetemeka. Mtu njiani akadhani ni bomu, akapiga kelele "Bombe!" na watu wa avenue yote wakaondoka mbio. Nilitoka mlangoni na jeki mkononi, nikiwaambia ni mimi, ni besi tu: "Njo mimi! Njo besi! Hapana bombe!" Nani asikie? Askari walipoona watu wanakimbia, wakafyatua hewani, basi na mimi nikaonekana mwongo. Jeannette alikuwa amemshika mama mkono, wakaburutwa na watu mpaka msituni, upande wa Kailo. Mvua ilinyesha siku mbili. Nilimpata siku ya tatu. Alirudi na kikohozi, kikawa homa, na dawa mjini hakuna. Alifariki tarehe kumi na tisa.

Watoto wa avenue wananiita Rémy Bombe. Kila mtu Mikelenge anajua. Wewe peke yako ndiye


Kindu, 9 Novemba 2002

Kaka Félicien,

Nakusalimu kwa uchungu. Mama alifariki tarehe 19 Oktoba, kwa homa ya kifua, baada ya watu kukimbilia msituni. Tumemzika vizuri, hapa hapa Mikelenge. Kasimu na mimi tulibeba jeneza mbele.

Besi imeharibika kwa unyevu. Usijisumbue kuleta nyuzi. Na njia si nzuri, kaa kwanza huko.

Mdogo wako,
Rémy


Lubumbashi, 17 Mei 2005

Mdogo wangu Rémy,

Hujambo? Mke wako Emerance na watoto wazima? Mimi nimepata mke, nimepata kazi ya kusoma mita za umeme, na bado sijapata usingizi wa kulala moja kwa moja.

Wanasema treni imeanza tena kufika Kindu. Nataka nije nisimame kwenye kaburi la mama, nilie kilio changu, kwa sababu nilichokilia huku ni cha mkopo. Besi nayo usiitupe. Unyevu hauui besi. Nitakuja na gundi, nyaya mpya za ndani na zile nyuzi zangu, bado hazijatumika. Tutaipasua mezani, mimi na wewe.

Niambie mwezi gani unafaa.

Kaka yako,
Félicien


Kindu, 30 Julai 2005

Kaka,

Sisi hatujambo. Usije mwaka huu. Treni inaanguka, abiria wanalala porini wiki tatu. Kaburi nalitunza mwenyewe, usiwe na wasiwasi. Nyumba inavuja, hata pa kukulaza hakuna. Labda mwakani.

Rémy


Lubumbashi, 8 Septemba 2006

Rémy,

Mwakani ndio huu. Nimepiga simu kwa jirani mara sita, mara sita umetoka. Unatoka kwenda wapi kila siku?

Nakuuliza mara moja, kama kaka. Umeuza besi? Kama umeuza kwa njaa, sema, nitameza. Njaa naijua. Lakini ndugu wa tumbo moja anayenifungia mlango wa nyumba ya mama yangu na hasemi kwa nini, huyo simjui. Sitaandika tena mpaka unijibu.

Félicien


Lubumbashi, 11 Januari 2024
(ujumbe wa simu)

Rémy, ni Félicien. Namba yako nimepewa na Elodie, binti wa Kasimu. Hujambo wewe? Hawajambo wako?

Miaka kumi na saba nimengoja jibu lako. Nimestaafu, nina miaka sitini na mbili, na magoti yangu yamekuwa kama ya mama. Kuhusu besi nimekwisha kusamehe, uliiuza, basi. Mwezi wa nne napanda treni kuja Kindu. Sikuombi ruhusa. Nimekujulisha tu, usije ukashtuka.

Kaka yako


Kindu, 12 Januari 2024

Kaka Félicien,

Shikamoo. Sisi wazima. Sikuuza, wala unyevu haukuiharibu. Iko chini ya kitanda, naipangusa kila Jumamosi, na tangu mwaka 2002 sijaipiga hata mara moja.

Ukifika utaambiwa na mtu wa kwanza stesheni, kwa hiyo bora nikuambie mimi. Watu hawakukimbia bunduki siku ile. Walikimbia besi yako. Mama aliniomba nimpigie kwa sababu alikukumbuka, na mimi nikachomeka jeki sauti ikiwa juu. Spika ilipiga kishindo, mtu akasema bombe, watu wakabeba mama mpaka msituni. Mimi nilibaki mlangoni na jeki mkononi, napiga kelele "Njo besi! Njo besi!", hakuna aliyegeuka. Mvua ikamnyeshea siku mbili. Homa ile ni mimi.

Ndiyo maana nilikukataza. Si treni, si nyumba. Niliogopa nitakukosa kama ndugu, na kwa kuogopa hivyo nikakukosa kweli.

Kuna kitu kingine sijamwambia mtu yeyote. Nilipompata mama kule msituni, chini ya turubai, amelowa, aliniangalia akaanza kucheka. "Rémy, wewe njo ulitufukuza?" Akacheka mpaka akakohoa. Akasema: "Umwandikie Félicien. Atacheka sana." Baada ya siku kumi akafa, na mimi nikashindwa kukuandikia kitu cha kuchekesha.

Mdogo wako,
Rémy


Kindu, 12 Februari 2024

Kaka, naona alama kwamba umesoma. Unitukane basi. Ni afadhali.


Kibombo, 29 Aprili 2024

Rémy, mdogo wangu,

Hujambo? Wako wote hawajambo? Miezi mitatu sijakuuliza afya yako, nakuuliza leo.

Nilisoma ujumbe wako siku ileile, nikatupa simu kitandani, nikatoka, nikatembea mpaka nikapotea katika mji ninaoishi miaka ishirini na mitano. Habari ya kuuza besi nilikuwa nimeipangia maneno mazuri ya msamaha. Kwa hii hayakufaa. Kuna siku nilisema umemuua mama, nilisema kwa sauti, mke wangu akasikia. Kuna siku nilisema ni mimi, niliyeacha mama na kwenda kununua nyuzi. Treni ilipofika nilikuwa sijui kama napanda, nikapanda.

Sasa tumekwama hapa siku ya tatu, kichwa cha treni kimekufa. Jana fundi aliingia ndani akagonga chuma, kikatoka kishindo kimoja. Abiria wote tuliruka. Mzee mmoja, mkubwa kuliko mimi, alikimbia na sahani yake ya wali mpaka katikati ya mihogo ya watu, na fundi akatoka na nyundo mkononi, anapiga kelele: "Hapana! Njo mimi! Njo mimi!"

Nilikuona wewe, Rémy. Nilikuona mlangoni na jeki yako. Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini, watu wakanisogelea wakidhani naumwa. Halafu kicheko kikageuka, nikalia mbele yao wote, mtu mzima, na mwanamke mmoja akaninawisha uso.

Mama alinijua, alijua nitacheka. Kwa miaka yote hii nilikuwa na kicheko chake cha mwisho, na wewe ndiye uliyekuwa umekishika.

Wanasema kichwa kingine kinafika kesho. Uje stesheni wewe mwenyewe, usitume mtoto. Hasira bado ninayo, sikudanganyi, na naja nayo. Nipokee nayo.

Kaka yako,
Félicien