Wimbo Uliokwama Kwenye Printa ya Mama Mkwe

Mpendwa Dada Pabitra,

Naomba msaada wako kabla ya Jumapili asubuhi, na ukiisoma hii redioni tafadhali nibadilishie jina, maana mama mkwe wangu hukusikiliza jikoni kila Ijumaa jioni na redio haizimwi mpaka umalize.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, na mama mkwe ndiye karani wa shule hiyohiyo. Teej, sikukuu yetu wanawake, imekaribia, na kama kawaida sisi wake za watu tutakaa pamoja tule khir, wali wetu wa maziwa na sukari, mpaka tushindwe kuinuka, kisha kabla ya mfungo tuimbe yanayotusibu kwa wakwe. Mwaka huu nikasema wimbo nitautunga mimi, nikauandika kwenye kompyuta ya chumba cha walimu, jina sikulitaja ila niliyasema yote, kwamba magoti yake huuma siku ya kuteka maji tu lakini harusini humshinda bibi harusi kucheza, tena nikaweka na ile ya "chumvi ikizidi ni mkono wangu, ikikolea ni chumvi ya duka", nikabonyeza nakala kumi na mbili, nikakimbilia kwenye printa ndogo ya maktaba, kimya, nikarudi nikabonyeza tena, kimya, nikabonyeza kwa hasira sijui mara ngapi, mwishowe nikazima kompyuta nikidhani yameisha.

Leo mchana tukirudi nyumbani nikamsimulia mwalimu mwenzangu Tulasi. Akasimama katikati ya ngazi, mkono mdomoni.

"Mwenzangu, umejimaliza! Siku hizi kompyuta ile inatuma kwenye printa ya ofisini."

"Mbona haikutoka hata karatasi moja?"

"Itokeje na printa yenyewe imekufa tangu juzi? Zimepanga foleni hizo. Fundi anakuja Jumapili, shule ikifunguliwa wiki mpya. Akiifufua tu, mama mkwe wako anazipokea zote, tena za moto!"

Akacheka peke yake. Printa hiyo iko ubavuni mwa meza ya mama, na ufunguo wa shule nzima ameufunga kwenye pindo la sari yake. Nimefika nyumbani nikamkuta ananisubiri nimkande magoti kwa mafuta ya haradali, magoti yaleyale, akanishika kichwa akanibariki. Mume wangu yuko Doha, nimempigia amecheka mpaka simu ikakatika. Dada, huyu mama ndiye aliyenipigania nifundishe wakati ukoo mzima ulitaka nikae nyumbani, na sasa nitamuumiza mbele ya fundi na walimu wote. Sili, sikai. Nijifanye naumwa? Nikiri leo? Au nimwage chai ndani ya printa?

Asiyetulia, Palpa

Mdogo wangu usiyetulia,

Jina nimelibadilisha, na nyumba yako nimeihamishia Palpa. Printa sikuweza kuibadilisha, hiyo utapambana nayo mwenyewe.

Chai inywe. Kuumwa acha, maana ukibaki kitandani karatasi zitatoka bila wewe. Jumapili mwambie mama mtaongozana asubuhi, umbebee na mkoba. Akifungua tu chumba cha walimu, nenda kwenye kompyuta ileile kabla fundi hajagusa kitu. Fungua sehemu ya printa, chagua ya ofisini, uitazame foleni yake. Utaukuta wimbo wako umejipanga kama watu wa mafuta ya taa. Futa mmoja mmoja mpaka foleni iwe tupu. Ukigoma kufutika, zima kompyuta uiwashe, ufute tena. Kisha mwombe fundi aichomoe printa ukutani kidogo, isahau ilichomeza, ndipo aitengeneze. Na siku nyingine, soma jina la printa kabla ya kubonyeza, ubonyeze mara moja tu. Printa ikinyamaza haina maana haijakusikia! Yamenikuta hapa redioni, ninajua.

Sasa nikugombeze. Nakala kumi na mbili za nini? Mama zetu waliimba Teej kutoka kichwani, bila karatasi, mama mkwe amekaa mbele, na siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kununa. Wewe ulitaka wenzako waimbe kwa sauti huku umejificha katikati yao na karatasi usoni. Hapo ndipo ulipokosea, mambo ya chumvi ni ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo usichape kitu. Kaa mbele ya mama mkwe wako, mtazame machoni, uimbe. Mstari utakaokushinda kuutamka ukimtazama, uache. Na kama alikupigania kwa ukoo, liimbe na hilo, nalo ni la kwake.

Mimi nina wake wa wanangu wawili. Huwa wananiimba mpaka nashika mbavu. Mwaka jana walikaa mbele yangu, wakala vizuri, wakaimba habari za watu wengine, mimi wakaniruka. Teej hiyo ndiyo niliyorudi nyumbani nikilia.