Sindano Inayomwogopa Mkwe

Matema, Jumapili

Baba Neema,

Hamjambo huko? Huku mvua haikatiki, na nakula wali na mbasa, samaki wa ziwa hili, hadi naona haya.

Mashine yetu imekubali! Unakumbuka ile sindano ya kioo ya kusikilizia umeme wa seli, nilivyokuwa naisukuma kwa mkono na kuishia kupasua seli? Sasa kompyuta yetu ya mtumba inaisogeza yenyewe. Inakwenda kidogo, inasimama, inapima. Ikihisi seli iko karibu, inanyata. Jana ikagusa seli hai ya ubongo wa samaki, spika ikalia ta-ta-ta! Mama Atupele, mwenye nyumba tuliyofikia, alikuwa akichungulia. Akacheka: "Inatembea kama mkamwana aliyesikia baba mkwe anakohoa!"

Nikakumbuka siku nilipomkimbilia baba yako kumpa mkono, akageuka akaondoka. Mwaka mzima nilidhani ananichukia, kumbe ni mila yenu: baba mkwe na mkamwana hawakutani ana kwa ana, naye hukohoa ili nijifiche.

Kesho napita kwake Busale. Mbusu Neema, na wewe usilale bila kula. Mimi nitasubiri nyuma ya migomba, nisikilize kikohozi.

Wako,
Mama Neema