Jalada Bila Perla

Jumatatu, 2 Novemba 1931
Nimemaliza kuchonga jalada la toleo la nne la jarida letu, *Pembe*. Gurudumu, jicho, ngazi isiyofika popote. Vidole vimejaa malengelenge, lakini kibao cha linoliamu, ile mpira ngumu ya kuchongea, kimekubali. Costin, mwenzangu wa jarida, kaja, kalitazama, kisha kasema Bucharest nzima itatuita vichaa. Kwetu hiyo ndiyo sifa. Nikafurahi kama mjinga.

Jumatano, 4 Novemba
Wanafunzi wa chuo kikuu wamepita na fimbo, wakiimba matusi juu yetu Wayahudi. Wamevunja vioo vya kiwanda cha Stoica, mchapaji wetu. Wameuliza wazi: yuko wapi huyo Zissman wa majalada? Yaani mimi. Kumbe jarida letu linasomwa.

Alhamisi, 5 Novemba
Stoica kagoma kutuchapia. Anasema hana ugomvi na michoro, ana ugomvi na majina kama langu. Costin kanipeleka mgahawani, kazungukazunguka weee.
"Toleo hili tu, Perla. Tuweke jina lingine."
"Jina gani?"
"Langu, kwa mfano."
Nilidhani anatania.
"Si wewe mwenyewe uliandika kwenye ilani yetu kwamba jina la msanii limekufa?"
"Niliandika. Mbona limekufa langu peke yake?"
"Usiwe mtoto."
Nimemwambia hapana. Akasema sawa, yamekwisha.

Jumamosi, 7 Novemba
Hayakuisha. Nimepita kiwandani—nakala ya majaribio iko ukutani, wino mbichi. Mchoro wangu. Chini yake: C. Vrabie. Jina la Costin.
"Mimi nachapa ninacholetewa, bibie," Stoica akasema, macho chini.
Kibao changu kilikuwa mezani. Nimekitia ndani ya koti, nikatoka. Blauzi imeharibika kwa wino. Basi.

Jumapili, 8 Novemba
Costin yuko chini na Mama. Nasikia kila kitu. Kuna kitu cha jarida, anasema, Perla kakichukua kwa bahati mbaya. Sauti ya upole, ile ya kuombea mapenzi.
"Kaa, mwanangu, unywe chai," Mama anamwambia. "Perla! Mletee mwenzio kitu chake."
Mama hajui. Kwake, huyu ndiye Mkristo pekee ambaye bado anakula mezani kwetu.
Kibao kiko mapajani. Nachonga jina langu juu yake, palepale chini ya ngazi, kinyumenyume ili lisomeke likichapwa. Herufi kubwa. Hawawezi kulitoa bila kuharibu mchoro.
Nimefika kwenye R. Mama kaita tena. Sasa Costin mwenyewe anapanda.