Ufunguo wa Kabati Bado Uko kwa Leso Yangu

Kwako Mwaitu, mama mkwe wangu,

Nimemaliza kuosha sufuria za matanga na kuzirudisha kwa wenyewe. Watu wameenda. Mtoto amelala usingizi wa mchana, na mimi nimekaa tu hapa jikoni. Machozi sina. Wanasema niko na roho ngumu. Labda. Mimi najua tu kwamba ufunguo wa kabati bado umefungwa kwa pembe ya leso yangu, na mkono wangu unaupapasa wenyewe.

Unakumbuka siku ile daktari wa mjini alikuambia mwili umekuzidi? Sukari ilikuwa imepanda, na magoti yalikataa hata ngazi za kanisa. Akasema kwa muda utaishi kwa unga wa pakiti uliokorogwa na maji, kikombe kimoja kimoja, na maji mengi ya kunywa. Basi. Ukamuuliza, "Hiyo ni chai. Sasa chakula ni gani?"

Daktari alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alinigeukia mimi. "Wewe ndiye utamchunga. Na asikose kuja hapa kupimwa. Dawa za sukari lazima tuzipunguze, la sivyo ataanguka."

Mwanao alikuwa Lukenya kwenye machimbo ya mawe, anakuja mwisho wa wiki na pakiti zako kwa mfuko. Kwa hivyo tulibaki sisi watatu: wewe, mimi, na mtoto wa kunyonya aliyepewa jina lako. Kufuli ulinunua mwenyewe. Ulinipa ufunguo ukaniambia, "Nifungie chakula, mwiitu wakwa, binti yangu. Nikilia usinifungulie."

Na ulilia. Kichwa kilikuuma, ukasikia baridi jua likiwaka, ukanitukana mimi na walionizaa. Asubuhi moja nilitoka kuchota maji, kurudi nikakupata umeinamia sufuria ya muthokoi wangu, mahindi ya kukobolewa na maharagwe.

"Rudisha mwiko, Mwaitu."

"Nilikuwa naonja chumvi."

"Hiyo chumvi iko hadi kwa kidevu?"

Ukapangusa kidevu, ukanitazama kwa hasira, halafu ukaanza kucheka mpaka ukakaa chini. Nilikukorogea kikombe chako, nikakaa na wewe mpaka ukakimaliza. Siku hiyo mimi pia sikula muthokoi. Sikuweza kuutafuna mbele yako.

Kliniki tulienda pamoja, mtoto mgongoni. Yeye alipimwa tuone kama ameongezeka, wewe tuone kama umepungua. Nesi akisoma mzani wake, unapiga makofi. Akisoma wako, unapiga tena. Ulimwambia mtoto, "Wajina, hizo kilo zangu chukua wewe."

Halafu nguo zikaanza kukulegea, na watu wakaanza kusema. Miaka hii mtu akikonda, hakuna anayeuliza mara mbili. Wanasema ni ule ugonjwa. Akina mama wa kanisa wakaja kukuona, na kwetu hakuna anayeenda kwa mgonjwa mikono mitupu. Wakaja na chapati, supu ya kuku, na mbaazi kwenye hotipoti. Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikafungia kabatini.

Mama Kioko, kiongozi wao, alisimama. "Wewe, mke wa mwana, hata mbwa hafungiwi hivyo. Unataka shamba?"

Nilikutazama nikingoja useme ni wewe ulinipa ufunguo. Wewe ulikuwa unatazama kabati. Walipoondoka uliniambia, "Ningefungua mdomo, ningeomba chapati." Nilikuelewa, Mwaitu, lakini iliniuma.

Hata hivyo hukuniacha hivyo. Baada ya daktari kukurudishia chakula pole pole, sukari ikiwa imetulia, mwethya wetu, kikundi cha kusaidiana kazi, ulikuja kuchimba matuta kwa shamba letu la mlimani. Akina mama wote walikuwa hapo na majembe. Shamba hilo hukuwa umelikanyaga miaka mingi. Ulikuwa unalitazama kutoka mlangoni. Ukapanda. Ulipumzika kwa kila tuta, lakini ulipanda mpaka lile la juu kabisa, ukashika kiuno, ukaita, "Mama Kioko! Unaniona?"

"Nakuona, mama!"

"Basi huyo hapo chini ndiye aliyeninyima chakula. Ufunguo nilimpa mimi! Sasa panda wewe tuone!"

Shamba zima lilicheka. Mama Kioko mwenyewe alicheka mpaka akaegemea jembe. Mimi niliendelea kuchimba kwa sababu sikutaka wauone uso wangu.

Mwezi wa saba, kwa baridi hii, nimonia ikakuchukua kabla tujue ni nini. Daktari alitueleza ilikuwa mapafu. Lakini jana nikipakua chakula cha waombolezaji, nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Angalau leo hakuna kufuli." Sikugeuka. Sijui alikuwa nani, na sikutafuta kujua. Nilijaza sahani iliyofuata. Nilijaza na nyingine. Hakuna aliyekuwa juu ya tuta wa kuwaita.

Kwa hivyo naandika mimi, na atakayesoma asome. Sikukunyima. Nilikuchunga, kama ulivyoniomba, na ulipolia sikukufungulia. Ungerudi leo na magoti yale, ningefunga tena.

Mtoto ameamka. Amekuja akitambaa, ameshika mlango wa kabati, anauvuta. Nimefungua fundo la leso, nimefungua kufuli, nimempakulia. Nimemwita kwa jina lako, lote, kwa sauti. Nimemwambia ale ashibe.

Pumzika, Mwaitu. Huko usionje chumvi ya mtu.

Ni mimi,
mke wa mwanao, mama ya wajina wako.