Viini Vinne Vinavyojiita Vinane

5 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Za siku nyingi? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanagoma. Najua tangu tumzike mama na kurushiana yale maneno, hakuna aliyemwandikia mwenzake. Leo nina shida ya kazi, basi. Kompyuta ya studio inadai ina viini vinane, lakini ikisafisha picha moja nachemsha chai na kuimaliza. Wewe ndiye bingwa wa mitambo. Inanidanganya?

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Pole na magoti.

Inakudanganya kidogo. Prosesa yako, yaani ubongo wa mashine, ina viini vinne vya kufanyia kazi, kila kimoja kinajihesabu mara mbili. Ndiyo haipathredingi. Unakumbuka tulivyokuwa na kalamu moja pale meza ya jikoni? Ukisimama kufikiri, naidaka mimi, na kazi za shule zinakwisha mapema. Mama alijua ni moja, kwa hiyo mmoja alimpa hesabu, mwingine kusoma. Akaja shangazi, akatupa imla wote wawili kwa mpigo. Zikawa ngumi!

Mfumo endeshi wako wa zamani ni shangazi mtupu. Unaona vinane, unarundika kazi mbili nzito kwenye kiini kimoja huku kingine kimekaa bure. Zima haipathredingi upime. Kisha weka mfumo mpya, uiwashe tena. Huo unajua nani anatumia kalamu na nani.

Nimecheka peke yangu nikiandika haya. Kisha nikalia. Namkumbuka mama mno.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilipoizima haipathredingi, shangazi alichangamka kweli. Kwenye mfumo mpya nimeiwasha, nasafisha picha huku namchapia mteja vyeti, wala haikwami.

Sasa nikwambie ukweli. Fundi wa jirani alishanieleza yote hayo kabla sijakuandikia, ila bila ngumi. Nilikuwa natafuta pa kuanzia tu. Mashine imepona, na mimi nimeishiwa visingizio. Nimekukosa.

Dada yako

17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Habari za hapo?

Bahati mbaya, kompyuta yangu nayo imeanza kusumbua. Mafundi wa huku wamejaa, lakini sina imani nao hata mmoja. Naileta kwako mwenyewe, Jumamosi. Tiketi ya kurudi sijakata.

Mdogo wako