Boti Ilitoka, Mama

Kilindoni, Mafia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje na baridi hiyo ya Makete? Sisi huku tunasumbuliwa na joto tu. Mkweo Bernadeta na watoto hawajambo. Nimeona niandike, maana kwenye simu mnaweka sauti kubwa na ukoo mzima unasikia. Haya ni yako kwanza.

Mama, Jumapili iliyopita nilipokelewa Kanisa Katoliki. Najua kaka ataguna. Nilianza kwa kumsindikiza Bernadeta misa, mimi nabaki nje na pikipiki. Baadaye nikawa nakaa benchi la nyuma, mwisho nikaingia mafundisho. Bi Zuhura, mama mwenye nyumba wetu, ni Mwislamu, alinicheka: "Fundi, ulikuwa Mkristo, unakwenda kuwa Mkristo. Safari gani hiyo ya kutoka barazani kwenda ukumbini?"

Lakini nilifanya ujinga. Nilisikia mtu mzima asiyebatizwa haungami, maji yanaosha yote. Aliyebatizwa kwingine habatizwi tena, ila lazima aungame kwa padre ndipo apokelewe. Mimi niliogopa sana kuungama. Basi nikamwambia katekista sijawahi kubatizwa, kwetu hatukuwa na dini. Na wewe ulinibeba mgongoni kwenda kwa Walutheri mvua inanyesha!

Nikakaa na wanaongojea ubatizo miezi kadhaa. Siku moja katekista, mzee Benedikto, akaniuliza amri ya nne. Nikasahau kwamba mimi ni mpagani. Nikaitiririsha, waheshimu baba yako na mama yako, pamoja na maana yake ya katekisimu ya Kilutheri, vile ulivyotukaririsha jikoni. Akavua miwani.

"Tito, mpagani gani wewe? Nani kakufundisha?"

Nikasema, "Mama."

"Basi ulishabatizwa, bwana. Nikikupeleka ukamwagiwe tena utalowa tu."

Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, halafu machozi yakanitoka.

Ikabidi nikaungame. Na nililokuwa naliogopa ni hili. Baba alipozidiwa ulinipigia, nikakwambia bahari imechafuka, boti haitoki. Boti ilitoka, mama. Ilitoka siku ile na siku iliyofuata. Mimi nilikuwa kisiwa cha Bwejuu, hapa jirani, napaua nyumba ya mtu, nikahofia nikiondoka kazi atapewa fundi mwingine. Nikajidanganya baba atapona. Mliponiambia mmemzika nikailaumu bahari, nanyi mkanionea huruma.

Padre hakunigombeza. Aliniuliza, "Mama yupo hai?" Nikasema yupo. Akasema, "Mungu anakusamehe leo. Mama bado hajui." Akaniondolea dhambi. Nilitoka pale mwepesi kama mtu aliyetua mfuko wa saruji. Usingizi siku hizi naulala wote.

Jumapili nikasimama mbele, nikakiri imani, padre akanipaka mafuta, nikakomunika. Maji hayakunigusa. Ubatizo ulionipa wewe wameupokea vilevile ulivyo.

Nakuja kabla ya Krismasi. Nitaanzia kaburini kwa baba, sitaingia ndani kwanza. Njoo hapohapo na hasira zako zote, unisemee mbele yake.

Msalimie kaka, na watoto wake. Msalimie shangazi aliyenishika siku ya ubatizo. Mwambie nilimkana na yeye, anisamehe.

Mimi mwanao,
Tito