Kijani Juu ya Mchungwa wa Mama

Jumapili, 4 Agosti
Baba amekula! Sahani nzima, na akaongeza. Tangu tumzike mama hajamaliza hata nusu. Sababu? Ule mchungwa wa mama pale uani. Ulianza kupukutisha majani wiki ya msiba, nami nilishaukatia tamaa. Leo kanivuta mkono mpaka dirisha la jikoni. Kule juu – kichaka kibichi kabisa, na vimaua vyekundu. "Ona, Mwalimu," akasema. Huniita hivyo akitaka kunitania. "Mama yako hajatuacha." Nimelia juu ya sufuria, nikasingizia kitunguu.

Jumanne, 6 Agosti
Baba kanyoa ndevu. Kila asubuhi anapanda ngazi kujaza maji kile kibakuli alichokitundika mama mtini kwa ajili ya ndege. Anapiga nao soga, anawapa habari za nyumba. Wanajazana, wanapangusa midomo kwenye matawi utadhani wametoka karamuni.
Lakini mchungwa gani huu wa maua mekundu? Basi, ualimu niuache kazini.

Alhamisi, 8 Agosti
Heri nisingepanda. Baba alipolala mchana nikachukua ngazi. Majani mazito kama ngozi, yamekaa mawili mawili. Nikayafikicha – harufu ya chungwa hakuna. Tawi limevimba pale kichaka kilipoota. Nikaminya kitunda, mbegu ikaning'ang'ania kidoleni kama gundi. Nikaipangusa kwenye tawi. Ndivyo wafanyavyo ndege!
Kirukia. Jamani, kirukia! Kila mwaka nakichora ubaoni: mmea unaoota juu ya mti mwingine na kuunyonya. Hapa nyumbani nimekiita mama.
Maji ya mama yaliita ndege, ndege wakaleta mbegu. Na baba bado anawajazia.

Ijumaa, 9 Agosti
Kaka kwenye simu: mwambie ukweli, kata mapema, mzee si mtoto. Rahisi kwake, yuko mbali huko. Nikikata, mti huenda ukapona, ila baba ataamka aone vijiti vitupu. Nisipokata, unakwisha polepole. Jioni baba kaniuliza mti utazaa lini. Nikamjibu sijui. Mwalimu mzima! Najichukia.

Jumapili, 11 Agosti
Nimeazima msumeno kwa jirani. Nilipanga kumwambia baada ya chai. Natoka nao uani – baba keshaegemeza ngazi, kavaa shati alilolipenda mama. Akauona msumeno, uso ukamchangamka. Akasema hata yeye amekuwa akiwaza hivyohivyo.
"Haya matawi makavu yote tuyaondoe," akasema. "Hili la kijani tuliachie nafasi."
Nikasema sawa, baba. Sawa! Mdomo ulisema wenyewe. Kaniomba msumeno, nikampa.
Nimekimbilia jikoni, nimemwambia natafuta glavu. Naandika nimesimama. Makavu ndiyo mchungwa wa mama; la kijani ni kirukia. Nitoke nimwambie sasa hivi, kabla hajaanza. Ananiita – ngazi inacheza, nije niishike.